Si mvivu, ana safura

Bibi yangu wa Mkunazini hakupata kukaa kwenye dawati maisha yake yote, lakini kila mjukuu aliyeletwa kwake kutoka shamba alipita kwenye ukaguzi wake kabla hajapewa hata maji ya kunywa. Alimshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, kisha akalivuta kope la chini kwa kidole gumba. Akikuta wekundu umekimbia, pamebaki peupe kama upande wa ndani wa kombe, alisema neno moja tu: "Safura." Wiki ile mtoto huyo hatumwi dukani, hakaripiwi kwa kuchelewa chuo cha Qur'ani, na ole wake binamu atakayemwita goigoi. Anapikiwa mchicha na dagaa, maini yakipatikana Darajani anawekewa kipande chake mwenyewe, na asubuhi hatoki nje mpaka awe na kandambili mguuni.

Neno hilo siku hizi nalisikia kwa wazee tu. Kwao safura ilikuwa maradhi ya mtu aliyeliwa damu na minyoo: anapauka, anavimba uso na miguu, anahema akipanda ngazi, na wengine wanatamani kula udongo. Wazee hawakuwa na darubini, ila walijua kwamba maradhi haya yanaingia kwenye tabia. Hawakumtenganisha mtoto asiyecheza na mtoto asiye na damu.

Mimi nilisoma zaidi ya bibi yangu, nikawa mwalimu wa skuli ya msingi hapa mjini, na kwa miaka mingi nilikisahau kidole gumba chake. Palikuwa na mtoto wa darasa la tatu, mkondo wa mchana. Ikifika saa nane kichwa chake kiko juu ya dawati. Wenzake wakitoka mapumziko kukimbizana, yeye anaegemea ukuta wa choo kama mzee anayesubiri daladala. Ukimuuliza swali anakutazama, anameza mate, na jibu linakuja baada ya wengine kushanyoosha mikono. Jibu lenyewe mara nyingi lilikuwa sahihi, nami sikulitafakari hilo. Mwisho wa muhula nikaandika kwenye ripoti yake: "Ana akili lakini mvivu. Ajitahidi." Mama yake alikuja kuichukua, akaisoma pale pale mlangoni, akasema "Ahsante mwalimu," akaondoka naye. Mama zetu hawabishani na mwalimu.

Muhula uliofuata mtoto alianguka mstarini. Alipopimwa, damu yake ilikuwa gramu 6 na kitu. Mtoto wa umri wake hatakiwi kushuka chini ya gramu 11 na nusu. Alipewa dawa ya minyoo na dawa ya kuongeza damu, na mama yake aliambiwa nini cha kumpikia. Baada ya miezi mitatu hivi nilikuwa nikimtoa nje kwa kuzungumza darasani. Akawa wa kwanza kupanda ukuta kufuata embe za jirani. Ripoti niliyoiandika bado ipo nyumbani kwao, kwa mwandiko wangu.

Tangu siku ile nimekuwa na shaka na orodha ya majina tunayowabandika watoto: mvivu, mzito, mjinga, mkaidi, mtundu. Na nina shaka zaidi na jina moja ambalo sote tunalipenda: mtulivu. Mtoto mtulivu anasifiwa na wageni, na mwalimu mwenye darasa la watoto wengi kupita kiasi anamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini katika visiwa hivi utulivu wa mtoto unaweza kuwa ni damu iliyopungua. Kabla hatujamhukumu kwa alivyo, tungeanza kwa kuuliza amekula nini tangu alfajiri.

Silisemi hili kwa hadithi ya mtoto mmoja. Ni pahala pachache duniani ambapo uhusiano wa damu, minyoo na akili ya mtoto umechunguzwa kwa makini kama hapa Zanzibar, hasa kule kwa ndugu zetu wa Pemba. Katika miaka ya 1990 watafiti wakiwemo Rebecca Stoltzfus, Marco Albonico na Lorenzo Savioli, pamoja na Mzanzibari Hababu Chwaya, waliwapima watoto wa skuli wapatao 3,600 kisiwani Pemba. Zaidi ya watoto 6 katika kila 10 walikuwa na upungufu wa damu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba katika upungufu ule mkali kabisa, asilimia 73 ilitokana na minyoo ya safura, ile inayotoboa ngozi ya mguu mtupu, ikasafiri mwilini mpaka kwenye utumbo, ikajishikiza hapo na kunyonya. Kandambili za bibi yangu zilikuwa na maana.

Uchunguzi ulioniuma zaidi ni ule wa mwaka 2001, wa watoto 614 wa Pemba wenye umri wa miezi 6 hadi miaka mitano, ambao karibu wote walikuwa na damu pungufu. Baadhi walipewa matone ya madini ya chuma kila siku kwa mwaka mzima, na wengine walipewa matone yasiyo na kitu. Kisha wazazi waliulizwa mambo ambayo mzazi yeyote anayajua: mtoto anasimama peke yake, anakimbia, anataja jina la kitu, anaunga maneno mawili? Waliopata madini walisonga mbele katika lugha kwa alama 0.8 kati ya 20, na wale ambao damu yao ilikuwa chini sana walisonga mbele pia katika kutembea na kukimbia. Mtu anayetazama jedwali ataona 0.8 ni kidogo. Mimi niliyefundisha darasa la kwanza najua umbali uliopo kati ya mtoto anayefika skuli na maneno ya kuulizia na yule anayefika bila hayo. Wa kwanza anauliza, anajibiwa, kesho anajua zaidi. Wa pili anakaa kimya, nasi tunamsifu kwa adabu.

Miaka michache baadaye watafiti waliwatazama watoto wadogo wa Pemba wakiwa katika shughuli zao za kila siku, na mwaka 2007 wakaeleza walichokiona: watoto wenye upungufu wa madini ya chuma, waliodumaa au waliokuwa na malaria walitumia muda mchache zaidi kutembea na kuhangaika huku na huku. Hapo ndipo ninapoikumbuka miguu ya yule mtoto aliyeegemea ukuta. Mtoto anajifunza kwa kuvamia vitu. Anakwenda kwenye sufuria, anaambiwa "moto!", analijua neno na anaujua moto. Anamfukuza kuku, anaanguka, anainuka, anapima umbali. Madini ya chuma hayaishii kubeba hewa katika damu, kwani ubongo nao unayahitaji ili kutengeneza kemikali zinazobeba ujumbe na kufunika mishipa yake ya fahamu. Mtoto akiyakosa akiwa mdogo anapoteza mara mbili, kwanza katika ubongo wenyewe, kisha katika yale yote ambayo miguu yake haikumpeleka kuyaona.

Katika vita dhidi ya minyoo tumefanya mengi na tunastahili kusema hivyo. Tangu katikati ya miaka ya 1990 dawa zinagawiwa maskulini, na kampeni ya kutokomeza matende na mabusha iliyoanza mwaka 2001 ilisaidia kupunguza minyoo pia. Malaria nayo, baada ya dawa mseto mwaka 2003 na vyandarua vilivyofuata, ilishuka mpaka chini ya asilimia 1. Hizi ni kazi za serikali yetu, wauguzi wetu na masheha wetu, na hazisifiwi vya kutosha.

Lakini dawa ina mpaka wake, na funzo hilo nalo dunia ililipata Pemba. Utafiti mkubwa wa watoto zaidi ya 24,000, ulioongozwa na Sunil Sazawal na Robert Black, ulikuwa ukitoa vidonge vya madini ya chuma na foliki kwa baadhi yao bila kuwapima damu kwanza. Agosti 2003 vidonge hivyo vilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliopewa vidonge walilazwa au kufariki zaidi kuliko wasiopewa, kwa asilimia 12. Wakati ule malaria ilikuwa kila nyumba, na vimelea vyake navyo vinapenda chuma. Watoto waliokuwa na upungufu wa kweli na waliofuatiliwa kwa karibu walinufaika. Mashirika ya afya duniani yalilazimika kubadili ushauri wake kwa nchi zenye malaria. Kwa hiyo mzazi asikimbilie duka la dawa kununua chupa ya kuongeza damu kwa sababu amesoma makala hii. Ampeleke mtoto akapimwe. Na katika siku zote zile ambazo si za hospitali, mtoto anategemea sahani.

Tuitazame basi sahani yenyewe. Pita vichochoro vya Mji Mkongwe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kutoka Kiponda hadi Malindi, kisha vuka Darajani uingie Ng'ambo, mpaka Jang'ombe na Kwahani. Utakuta chakula kimoja katika maelfu ya nyumba: chai ya rangi yenye sukari nyingi, na mkate wa boflo au andazi. Mtoto anachovya, anakunywa, anavaa viatu. Tumbo limejaa na sukari inampa nguvu ya saa moja au mbili. Humo hamna kitu kinachojenga damu, na chai yenyewe inazidisha tatizo, kwa sababu ina tanini ambayo inakamata madini ya chuma ya mboga na nafaka na kuyazuia yasiingie mwilini. Mtoto akila mchicha na kunde huku akiteremshia kwa chai, sehemu kubwa ya madini yale inapita tu. Akila mboga ile ile na limau lililokamuliwa juu yake, au embe, au juisi ya ukwaju, mwili unapokea zaidi. Chai ingoje saa moja. Kwa familia isiyo na uwezo wa kununua nyama, jambo hili ni kubwa, na halimgharimu mtu hata shilingi.

Simlaumu mama anayechemsha chai. Mkate unapatikana mlangoni alfajiri, hauhitaji kuni wala mkaa wa saa nzima, na mama yule yule pengine lazima awahi hotelini kazini. Mihogo, viazi vikuu, majimbi na shelisheli vilikuwa chai ya babu zetu, kwa samaki wa jana aliyebaki. Leo mtoto wa mjini anaona haya kusema amekula muhogo asubuhi. Ukitaka kujua kwamba hatujasahau kupika, ngoja Ramadhani. Magharibi kila nyumba ina kunde au mbaazi za nazi, majimbi, ndizi, samaki, uji wa mtama. Mwezi mmoja watoto wetu wanakula kama wajukuu wa visiwa hivi, kisha Idi inapita, tunarejea kwenye boflo.

Namba za taifa zinaendana na kinachoonekana vichochoroni. Uchunguzi wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka 34 miaka saba nyuma. Hayo ni maendeleo. Upungufu wa damu kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka mitano ulikuwa asilimia 58 katika uchunguzi wa 2015-16, na 59 mwaka 2022. Urefu tumeanza kuuokoa, damu bado.

Kuna upungufu mwingine ambao unashangaza zaidi kwa watu wa bahari. Sisi tumezungukwa na maji ya chumvi pande zote, tunakula samaki, na kwa muda mrefu hata wataalamu waliamini kwamba mtu wa kisiwani hawezi kukosa madini joto. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi ulioongozwa na Vincent Assey: watoto wa skuli wenye rovu walikuwa asilimia 21 Unguja na asilimia 32 Pemba. Chumvi yenye madini joto ilikutwa katika asilimia 63.5 ya nyumba za Unguja, na asilimia 1 tu ya nyumba za Pemba, ambako watu walikuwa wakitumia chumvi inayovunwa kwa jua hapo hapo kisiwani. Samaki tunaokula hawatoshi kuziba pengo. Na rovu ni kile kinachoonekana shingoni tu. Madini joto ndiyo yanayotengenezea tezi ya shingo homoni zinazojenga ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni mwa mama yake. Mama akiyakosa, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa nyuma kwa kiasi ambacho hakuna mwalimu wa masomo ya ziada atakayekifidia. Nikiingia duka lolote la mtaani nasoma pakiti ya chumvi kabla sijaiuliza bei, nami nawaomba wasomaji wafanye hivyo hivyo kesho asubuhi.

Kwa wanaouliza kama chakula kweli kinabadili tabia, na si afya pekee, mfano mzuri uko jirani, Embu nchini Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Charlotte Neumann na wenzake walichagua skuli 12 za vijijini. Watoto wa baadhi ya skuli walipewa githeri, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, saa ya mapumziko, wengine githeri na maziwa, wengine githeri na nyama ya kusaga, na wengine hawakupewa kitu. Chakula kilipimwa ili nguvu yake iwe sawa kwa makundi yote yaliyokula. Waliokula nyama ndio waliopanda haraka zaidi katika mtihani wa kufikiri, ule wa kutambua umbo linalokosekana katika mfululizo. Kilichonisimamisha ni uwanjani. Watafiti walikaa pembeni wakiandika nani anafanya nini, na waliokula nyama walikimbia zaidi, walianzisha michezo, waliwaongoza wenzao. Uongozi tunadhani ni karama, au ni malezi ya baba. Kumbe sehemu yake ilikuwa vijiko vichache vya nyama katika bakuli la githeri.

Na utundu je? Wazazi wengi huniambia sukari ndiyo inayowapandisha watoto wazimu. Mwaka 1995 Mark Wolraich na wenzake nchini Marekani walikusanya majaribio yaliyofanywa juu ya jambo hilo, wakakuta sukari haibadili tabia ya mtoto kama wazazi wanavyoamini. Meno inayaharibu, hilo halina ubishi. Rangi ni suala jingine. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliwapa watoto wa miaka 3 na wa miaka 8 na 9 vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi za viwandani na kihifadhi cha benzoeti. Kwa wastani utundu uliongezeka, si kwa kiasi kikubwa na si kwa kila mtoto, lakini ulitosha kuufanya Umoja wa Ulaya ulazimishe tahadhari kwenye pakiti za vyakula vyenye rangi hizo kuanzia Julai 2010.

Nasema hili nikifikiria lango la skuli. Juisi ya rangi ya machungwa ambayo haijaliona chungwa, barafu nyekundu, na ubuyu wetu. Ubuyu unaniuma kuliko vyote. Unga mweupe wa tunda la mbuyu ni chakula chema, una vitamini C kwa wingi, ile ile inayosaidia mwili kupokea madini ya chuma. Sisi tunauchukua, tunauchemsha kwa sukari, tunautia rangi mpaka ulimi wa mtoto uwe kama umechovywa kwenye wino, na tunauuzia dunia kama fahari ya Zanzibar. Ubuyu mweupe upo. Watoto wataula ikiwa ndio pekee uliopo langoni.

Sasa nije kwenye dagaa, maana hapo ndipo ninapopata hasira. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, ukisimama ufukwe wa Mangapwani au Kama utaona taa za mashua zimejipanga baharini kama mtaa. Alfajiri dagaa wanashushwa kwa ndoo, akina mama wanawachemsha katika maji ya chumvi kwenye masufuria makubwa, moshi unawatoa machozi, kisha wanawaanika juani. Dagaa huyu analiwa mzima, kichwa, miba na tumbo, kwa hiyo mtoto anapata chuma, zinki, chokaa ya mifupa na vitamini A katika kijiko kimoja. Ni nyama ile ya Embu, imeletwa mpaka mlangoni. Halafu anafungwa kwenye magunia, na sehemu kubwa inavuka bahari na nchi kavu mpaka Kongo. Siwaonei wivu watoto wa Kongo, wale washibe. Wala simkatazi mwanamke wa Mangapwani kuuza, ni jasho lake na ada ya watoto wake. Ninachouliza ni vipi kisiwa kinachovua chakula hiki kiwe na watoto wanaokwenda skuli kwa chai tupu.

Samaki wakubwa wana hadithi yao. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 500,000, na mwaka 2024 zaidi ya 700,000. Pweza wa Jambiani na nguru wa Nungwi ana mnunuzi wa hoteli kabla hajafika mnadani, na bei anayoiweka mnunuzi yule ndiyo anayoikuta mama wa Kwahani sokoni Mwanakwerekwe. Jioni ukikaa Forodhani, vijana wakiruka makachu baharini na moshi wa mishikaki ukipanda, utaona meza zimejaa kamba, ngisi na kaa, na pembeni watoto wa hapa hapa wanagawana bakuli moja la urojo. Urojo mtamu, nami naupenda. Kwa mtoto anayekua ni unga, viazi na ukali wa embe mbichi.

Tangu mwaka 2020 serikali inazungumza uchumi wa buluu, na ni fikra njema kwa watu wa bahari. Takwimu za uchumi huo zinahesabu tani, boti na fedha za kigeni. Ningependa paongezwe hesabu moja: kilo ngapi za dagaa zimeingia katika matumbo ya watoto wa Unguja na Pemba mwaka huu. Wizara inayonunua madawati inaweza kununua na magunia. Kenya ilianza kuwalisha watoto maskulini kwa maziwa ya Nyayo mwaka 1979, na watu wazima wa Mombasa hadi Kisumu bado wanakumbuka ile pakiti. Mpango ulikufa, lakini wazo halikufa. Mwaka 2023 Jiji la Nairobi, pamoja na shirika la Food4Education alilolianzisha Wawira Njiru, lilizindua majiko makubwa ya Dishi na County, mzazi akichangia shilingi 5 za Kenya kwa sahani, na jiji na shirika wakibeba zilizobaki. Mtoto anapitisha kikuku chenye kadi, anapewa sahani yake, anakwenda kukaa.

Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo Septemba 1964, ilipokuwa na fedha chache kuliko leo. Wakati ule tuliona kwamba mtoto wa maskini asizuiwe mlangoni na ada. Mtoto aliyeingia mlangoni kisha akalala juu ya dawati naye amezuiwa. Sisi tuna shida yetu ya pekee: mikondo miwili. Wa asubuhi anatoka kwao kwa chai, wa mchana anafika akiwa pengine amekula muhogo wa kukaanga, na kati ya skuli na chuo mtoto anaweza kufika magharibi bila mlo wa maana. Bakuli moja kwa kila mkondo lingetosha kuanzia. Liwe wali au muhogo, kunde au choroko, kijiko cha dagaa waliosagwa, limau, chumvi yenye madini joto. Chai isiwepo. Na kila mtoto anayeandikishwa darasa la kwanza apimwe damu, kama anavyoulizwa cheti cha kuzaliwa.

Watu wataniuliza nani atapika. Nilikwenda kumuuliza mama mmoja anayeuza muhogo na achari nje ya lango la skuli, yuko pale miaka mingi kuliko walimu wote. Nilimwuliza kama angeweza kupika kunde na dagaa badala ya anachouza. Hakushangaa. Aliweka mwiko chini, akahesabu kwa vidole: mkaa, nazi, kunde pishi ngapi, dagaa anawajua pa kuwachukua Kama kwa bei ya jumla, mabakuli anayo ya shughuli, binti yake atamsaidia kuosha. Akasema kwa shilingi 500 kwa bakuli anaweza, wakiwa watoto 200 au zaidi, na walipe kila siku, isiwe leo wapo kesho hawapo.

"Sasa, mwalimu wangu," akaniambia, "wale 50 wasiokuwa na hiyo 500, nani atanilipa? Maana wale ndio watakaosimama mbele yangu kila siku wananitazama, na mimi nawajua kwa majina."